Kiitaliano cha Safarini: Mwongozo Kamili wa Kupanda Treni, Basi na Metro Italia

Kuuliza kwa Kiitaliano si kazi. Ukishika sentensi mbili tatu unaweza kumuuliza mtu yeyote stesheni treni ya Firenze iko wapi, na atakujibu. Taabu huanza kwenye jibu: linakuja mbio, mikono hewani, na wewe unabaki kutikisa kichwa na kusema "grazie" huku hujaambulia kitu. Kwa hiyo hapa kila swali nimeliweka pamoja na majibu yanayoweza kurudi, na nafasi kubwa nimeipa matangazo na vibao. Safarini utasikiliza na kusoma zaidi kuliko utakavyosema.

Nimeandika nikimfikiria mgeni wa mara ya kwanza: mwanafunzi anayekwenda Bologna au Padova, sista au padri anayetumwa kusoma Roma, mama anayemfuata mwanawe Torino. Hata mtu wa Malindi au Watamu mwenye Kiitaliano chake cha ufukweni atapata la kumfaa, kwa sababu cha kuuzia vinyago hakimtoshi mbele ya mkaguzi wa tiketi.

Hatua ya 1: Tengeneza matamshi kwanza

Hapa tuna bahati. Irabu za Kiitaliano ni a, e, i, o, u zilezile zetu, maneno mengi yanaishia na irabu, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Mswahili akisoma "fermata" (kituo cha basi) anakuwa ameshaitamka sawasawa.

Kinachobaki ni tahajia, maana herufi zao zina tabia nyingine:

- c mbele ya e au i ni "ch": dieci (dyechi), kumi.
- ch ni "k": che (ke), nini. Kumbe c'è, yaani "kuna", ndiyo inayosikika "che". Mawili haya huwachanganya wengi wiki ya kwanza.
- g mbele ya e au i ni "j": oggi (ojji), leo.
- gn ni "ny": Bologna (Bolonya), bagno (banyo), choo.
- gli ni kama "lyi" iliyobanwa: biglietto (bilyetto), tiketi.
- sc mbele ya e au i ni "sh": uscita (ushita), njia ya kutokea.
- z ni "ts", mara nyingine "dz": stazione (statsyone), stesheni.
- h haitamkwi: ho (o), ninayo.

Herufi mbili zinazofuatana zishikilie kidogo kabla ya kuziachia. Sette ni saba. Ukiilegeza inakuwa sete, yaani kiu. Na kama kwenu r na l hubadilishana nafasi, jichunge, kwa sababu mare ni bahari na male ni vibaya.

Katika mabano ya mwongozo huu nimeandika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili. Soma kama unavyosoma Kiswahili. Pale mkazo unapohama nimeweka herufi kubwa, kwa mfano autobus (AUtobus) na Napoli (NApoli).

Hatua ya 2: Anza na adabu

Usimvamie mtu na swali. Tanguliza buongiorno (bwonjorno), au buonasera (bwonasera) kuanzia alasiri, halafu scusi (skuzi), samahani. Scusi ni ya mkubwa, ofisa, dereva na mtu usiyemjua. Scusa ni ya rika lako na vijana. Mzee wa Kiitaliano ukimwambia "scusa" hatakugombeza, ila atakuwa amekupima.

Ukiona kasi imekushinda, sema: Può parlare più piano, per favore? (Pwo parlare pyu pyano, per favore?), Unaweza kusema polepole zaidi, tafadhali? Na kama bado, mpe kalamu au simu: Me lo può scrivere? (Me lo pwo SKRIvere?), Unaweza kuniandikia? Hii ya pili mimi naithamini kuliko nyingine zote. Namba ya treni iliyoandikwa haikosewi.

Hatua ya 3: Kutoka uwanja wa ndege

Fiumicino, uwanja mkubwa wa Roma, una treni za aina mbili, na wageni wengi hupanda isiyo yao. Leonardo Express huenda moja kwa moja hadi Roma Termini, stesheni kuu ya mji, bila kusimama, dakika 32, kwa euro 14. Nyingine ni ya mkoa, inaitwa FL1. Hiyo ni ya bei nafuu na inasimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina, lakini Termini haifiki kabisa. Tena ubao wake hauandiki "Roma": huandika kituo cha mwisho, kama vile Orte au Fara Sabina, miji midogo ambayo mgeni hajawahi kuisikia. Basi hapo usiulize inakwenda wapi, uliza inasimama wapi:

Scusi, questo treno ferma a Trastevere? (Skuzi, kwesto treno ferma a TrasTEvere?) Samahani, treni hii inasimama Trastevere?

Majibu yanayoweza kurudi ni Sì, ferma (ndiyo, inasimama), No, deve prendere l'altro (No, deve PRENdere laltro: hapana, inabidi upande ile nyingine), au Quello di fronte (Kwello di fronte: ile ya upande wa pili). Ukisikia È appena partito (E appena partito), pole, ndiyo kwanza imeondoka.

Milano nako kuna kamtego. Malpensa Express nyingine zinaishia Milano Cadorna na nyingine Milano Centrale. Mwenyeji wako akisema atakungoja Centrale, uliza kabla ya kuketi: Va a Centrale o a Cadorna?

Hatua ya 4: Kununua tiketi

Dirishani panaitwa biglietteria (bilyetteria). Sentensi ya msingi ni hii:

Buongiorno, un biglietto per Firenze, per favore. (Bwonjorno, un bilyetto per Firentse, per favore.)

Hapo ndipo maswali yanapokujia mfululizo, karibu kila mara haya:

- Solo andata o andata e ritorno? Kwenda tu, au kwenda na kurudi? Jibu: Solo andata.
- Per oggi? Ya leo? Jibu: Sì, il PROSSIMO treno, treni inayofuata (mkazo uko mwanzo: PROssimo). Ya kesho ni per domani.
- Regionale o Freccia? (Rejonale o Frechcha?) Ya mkoa, au ya mwendo kasi?
- Contanti o carta? (Kontanti o karta?) Taslimu au kadi?

Swali la tatu ndilo la pesa. Regionale ni treni za kawaida. Nauli yake haibadiliki, ununue mwezi mmoja kabla au dakika tano kabla. Treni za kasi, yaani Frecciarossa za Trenitalia (kampuni ya reli ya serikali) na zile za Italo (kampuni binafsi), zina bei zinazopanda kadiri siku inavyokaribia, na kila tiketi ina namba ya treni, behewa na kiti. Intercity iko katikati kwa mwendo na bei. Ukitaka nafuu sema: Il più economico, per favore (Il pyu ekoNOmiko), ile ya bei ndogo kuliko zote.

Mashine za tiketi zina Kiingereza, kwa hiyo hazihitaji maneno mengi. Angalizo ni watu wanaosogea kukusaidia kubonyeza, hasa kwenye stesheni kubwa kama Termini. Huyo si mfanyakazi. Mwambie No, grazie, faccio da solo (No, gratsye, fachcho da solo), asante, nafanya mwenyewe. Mwanamke anasema da sola. Usicheke naye wala usimpe simu ashike.

Tiketi za basi na tramu ni hadithi nyingine. Nyingi huuzwa tabaccheria (tabakkeria), duka la sigara lenye ubao wa herufi T kubwa, au edicola (eDIkola), kibanda cha magazeti. Kondakta wa kukusanya nauli ndani ya basi hayupo. Umezoea kukaa kwanza ndipo ulipe, huku unalipa ndipo ukae. Uliza Dove si compra il biglietto? (Dove si kompra il bilyetto?), Tiketi inanunuliwa wapi? Utajibiwa dal tabaccaio (dal tabakkayo), kwa muuza sigara, au all'edicola. Siku ya Jumapili mitaani maduka hayo mengi yamefungwa, kwa hiyo nunua za akiba Jumamosi.

Roma tiketi ya kawaida ni euro 1.50 na inadumu dakika 100 tangu uigonge, yaani uipige muhuri kwenye mashine, ila ndani ya muda huo metro unaingia mara moja tu. Milano ni euro 2.20 kwa dakika 90. Miji yote miwili inakubali kugusisha kadi ya benki mlangoni, kila abiria na kadi yake. Metro ya Milano itakutaka uiguse tena unapotoka, na lazima iwe kadi ileile.

Hatua ya 5: Gonga tiketi

Hapa ndipo watu wanapoliwa faini wakiwa na tiketi halali mkononi. Tiketi ya karatasi ya Regionale haina namba ya treni, kwa hiyo lazima uichome kwenye mashine ndogo iliyoko stesheni kabla ya kupanda, ipigwe tarehe na saa. Kuanzia hapo unayo saa nne. Kitendo hicho kina majina matatu na yote utayasikia: convalidare, timbrare na obliterare. Hilo la mwisho linatisha masikioni, lakini ni muhuri tu.

Ukinunua Regionale kwa simu, badala ya muhuri unafanya check-in kwenye kiungo walichokutumia, kabla treni haijaondoka. Frecciarossa, Italo na Intercity hazigongwi. Basi na tramu unagonga ndani, mara tu ukipanda, si ukimwona mkaguzi.

Mashine ikigoma: La macchinetta non funziona (La makkinetta non funtsyona). Chukua kalamu uandike kwenye tiketi jina la stesheni, tarehe na saa. Kisha panda na umtafute capotreno (kapotreno), mkuu wa treni, kabla yeye hajakufikia: Scusi, non sono riuscito a convalidare (Skuzi, non sono ryushito a konvalidare), Samahani, sikufanikiwa kugonga, mwanamke anasema riuscita. Anayemfuata mkuu wa treni husikilizwa. Anayekutwa ameinamia simu kona ya mwisho husikilizwa kidogo.

Mkaguzi, controllore, akifika atasema Biglietto, prego, au Biglietti, signori. Kwenye treni za kasi anaweza kuongeza documento: toa pasipoti au kibali cha kuishi. Ukisikia multa au verbale, faini imeshaanza kuandikwa. Ugomvi hausaidii, omba karatasi yake: Mi può dare una copia? (Mi pwo dare una KOpya?)

Hatua ya 6: Soma saa kwa Kiitaliano, iweke kwa Kiswahili

Ratiba zote ni za saa 24, na sisi hesabu yetu inaanza na jua. Njia nyepesi: kuanzia 7:00 hadi 18:59 toa sita. Treni ya 15:42 ni saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Kuanzia 19:00 toa kumi na nane: 22:15 ni saa nne na robo usiku. Kati ya 1:00 na 6:59 ongeza sita: 5:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Saa sita ya usiku huandikwa 0:00, na inahesabiwa kuwa siku mpya. Tiketi ya tarehe 10, saa 0:20, ni usiku wa tarehe 9 kuamkia 10. Watu huja usiku unaofuata, wakakuta gari lilishaondoka.

Dirishani utasikia pia saa za kawaida, na hizo zinafanana na zetu kwa mtindo: e un quarto (na robo), e mezza (na nusu), meno dieci (kasoro dakika kumi). Le tre meno dieci ni 14:50.

Namba za kushika ni moja hadi ishirini, kwa ajili ya majukwaa: uno, due, tre, quattro, cinque (chinkwe), sei, sette, otto, nove, dieci, undici (UNdichi), dodici, tredici, quattordici, quindici, sedici, diciassette, diciotto, diciannove, venti. Kwenye kelele ya stesheni tredici (13) na sedici (16) zinagongana masikioni, vivyo hivyo sei na sette. Rudia ulichosikia huku ukionyesha vidole.

Ratiba ukutani ni karatasi mbili kubwa: ya njano ni partenze (partentse), wanaoondoka, nyeupe ni arrivi, wanaofika. Mgeni aliyesimama mbele ya nyeupe huwa anajiuliza mbona treni yake haipo. Angalia na siku. Feriale (feryale) ni siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, na huonyeshwa kwa alama ya nyundo mbili zilizopishana. Festivo ni Jumapili na sikukuu, alama yake msalaba. Basi za vijijini zina na scolastico, za siku za shule tu; wakifunga shule, basi nalo linalala.

Hatua ya 7: Jukwaa na matangazo

Jukwaa huitwa binario (binaryo). Swali: Da che binario parte il treno per Pisa? (Da ke binaryo parte il treno per Pisa?) Jibu fupi ni namba. Ukiongezewa Ovest (magharibi) au Est (mashariki), usilipuuze neno hilo. Bologna Centrale, binario 1 na binario 1 Ovest ni mahali pawili tofauti, na Termini ina 1 Est na 2 Est ambazo ni mwendo wa dakika kadhaa kutoka kichwa cha stesheni. Bologna pia treni za kasi nyingi ziko chini ya ardhi, binari 16 hadi 19. Ngazi za kushuka ni ndefu, jipe dakika kumi.

Majibu mengine ya njia: in fondo, mwisho kabisa, sottopassaggio (sottopassajjo), njia ya chini ya reli, a destra, kulia, a sinistra, kushoto, dritto, moja kwa moja. In testa ni mbele ya treni, in coda ni mkiani.

Sasa sikiliza tangazo la kawaida, kipande kwa kipande:

"Il treno regionale delle ore 15 e 42, proveniente da Roma Termini e diretto a Pisa Centrale, è in arrivo al binario 5 anziché al binario 3. Allontanarsi dalla linea gialla."

Delle ore inakupa saa ya kwenye ratiba, na hiyo ndiyo kitambulisho cha treni yako hata ikichelewa. Proveniente da ni itokako, diretto a ni iendako. In arrivo inaingia. Ingekuwa inatoka wangesema in partenza. Kisha anziché (antsiKE), badala ya. Namba inayotangulia anziché ndiyo mpya, inayofuata ni ya zamani. Ukilisikia neno hilo shika begi, kwa sababu umati mzima unahama. Sentensi ya mwisho inasema usogee nyuma ya mstari wa njano. Ikiambatana na treno in transito, kuna treni inapita bila kusimama, na inapita kwa kishindo.

Maneno mawili ya huzuni: in ritardo di venti minuti, imechelewa dakika ishirini, na cancellato (kanchellato), imefutwa. Baada yake hufuata Ci scusiamo per il disagio (Chi skuzyamo per il dizajo), tunaomba radhi kwa usumbufu. Ukiisikia radhi hiyo na hujaelewa yaliyotangulia, tazama ubao haraka.

Majina ya stesheni nayo yana mitego. Firenze S.M.N. ni Santa Maria Novella, ya katikati ya mji. Venezia Mestre iko bara. Unayoitaka kwa mji wenye maji ni Venezia S. Lucia, kituo cha mwisho. Torino ina Porta Susa na Porta Nuova.

Ndani, namba ya behewa ni carrozza (karrotsa) na kiti ni posto. Mtu akiwa amekalia kiti chako: Scusi, credo che questo sia il mio posto (Skuzi, kredo ke kwesto sia il mio posto), Samahani, nadhani hiki ni kiti changu, huku ukimwonyesha tiketi. Regionale hakuna namba, unauliza tu È libero? (E LIbero?), Kiti kiko wazi? Jibu libero, kiko wazi, karibu. Au occupato, kina mwenyewe.

Hatua ya 8: Basi, tramu na metro

Kituoni angalia maneno fermata a richiesta (fermata a rikyesta). Maana yake basi halisimami mpaka uliombe. Nyoosha mkono likiwa bado mbali. Ukiwa ndani huiti "shusha!" wala hugongi bati, unabonyeza kitufe, taa inawaka fermata prenotata, kituo kimeshaombwa. Milango imeandikwa salita (kupandia) na uscita (kutokea). Basi lenye ubao wa deposito linarudi gereji, usilipungie.

Basi likijaa, neno ni permesso, naomba kupita. Waitaliano hulisema pia wakiingia nyumba ya mtu, kama hodi yetu. Ukisimama karibu na mlango utaguswa bega na kuulizwa Scende? (Shende?), Unashuka? Jibu Sì, scendo (shendo) au No, kisha sogea apite. Hakuna aliyekukasirikia, ndivyo wanavyosafishiana njia.

Usiyejua pa kushukia mwombe jirani, hasa bibi mwenye mfuko wa soko: Mi può dire quando devo scendere per la stazione? (Mi pwo dire kwando devo SHENdere per la statsyone?), Unaweza kuniambia nishuke wapi kwa stesheni? Atakujibu È la prossima, ni kinachofuata. Au Mancano tre fermate, bado vituo vitatu. L'abbiamo passata ni habari mbaya, tumekipita. Wazee wa Italia hupenda kazi hii. Nimeona basi nzima ikibishana kwa ajili ya abiria mmoja, huyu akisema ashuke hapa, yule akisema kinachofuata kiko karibu zaidi, mpaka dereva akaingilia.

Mlango umefungwa hujashuka? Paza sauti: Scusi, può aprire? (Skuzi, pwo aprire?)

Metro unafuata direzione (diretsyone), yaani kituo cha mwisho cha upande wako, si rangi peke yake. Laini B ya Roma inagawanyika kituo cha Bologna (ni mtaa wa Roma, si ule mji): nyingine zinakwenda Rebibbia, nyingine Jonio. Milano, laini nyekundu M1 inagawanyika Pagano, kwenda Rho Fiera au Bisceglie. Soma kichwa cha treni kabla ya kuingia. Kwa mahujaji, kituo cha Vatikani ni Ottaviano, laini A. Basi namba 64 kutoka Termini nalo linafika karibu, ila lina sifa ya wachomozi tangu zamani, kwa hiyo begi liwe kifuani.

Hatua ya 9: Kwenye maji

Venezia basi lao ni mashua, vaporetto. Tiketi ni euro 9.50 kwa dakika 75, ghali, na mtu wa kukaa siku mbili tatu anunue ya siku nzima. Laini 1 inapita Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, polepole ikisimama karibu kila gati. Gati ni pontile. Mashua za kuzunguka, kama 4.1 na 4.2, zinapita njia ileile kwa pande zinazopingana, kwa hiyo muulize baharia aliyeshika kamba: Va a Murano da questa parte? (Va a Murano da kwesta parte?), Upande huu unafika kisiwa cha Murano?

Ukishuka kusini hadi Sicilia kwa Intercity, usishangae treni ikikatwa vipande na kuingizwa tumboni mwa meli pale Villa San Giovanni, ivushwe hadi Messina na wewe ndani yake. Ni Likoni, ila feri inabeba treni. Unaruhusiwa kushuka behewani upande juu upate upepo. Shika namba ya carrozza yako kichwani.

Hatua ya 10: Mgomo, ucheleweshaji na wizi

Sciopero (SHOpero) ni mgomo, na Italia hutangazwa kabla, mara nyingi ukiangukia Ijumaa. Uliza hotelini: C'è sciopero domani? (Che SHOpero domani?) Kwa sheria lazima pawe na fasce di garanzia (fashe di garantsia), saa ambazo huduma haikatwi. Kwa treni za mkoa, siku za kazi, ni 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00, yaani saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Basi za mjini kila mji una saa zake. Safari ya kwenda uwanja wa ndege ipange ndani ya vipindi hivyo.

Treni ya masafa ikichelewa saa nzima, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa robo ya nauli. Ucheleweshaji ukifikia muda wa saa mbili, nusu. Dirishani sema: Vorrei chiedere il rimborso per il ritardo (Vorrei KYEdere il rimborso per il ritardo), na tiketi usiitupe.

Ukisahau begi, tafuta oggetti smarriti (ojjetti zmarriti), ofisi ya vilivyopotea: Ho perso lo zaino sul treno per Roma (O perso lo dzaino sul treno per Roma), Nimepoteza begi la mgongoni kwenye treni ya Roma. Taja saa ya ratiba, ile ya delle ore.

Ukiibiwa: Mi hanno rubato il portafoglio (Mi anno rubato il portafolyo), Wameniibia pochi. Kwa pasipoti ni il passaporto. Dharura piga 112. Stesheni kubwa zina Polfer, polisi wa reli, na kwao unaomba jambo moja: Vorrei fare una denuncia (Vorrei fare una denuncha), Nataka kuandikisha ripoti. Usiondoke bila nakala yenye muhuri. Balozi za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziko Roma, na karatasi ya kwanza watakayokuuliza ukitaka hati ya kusafiria ni hiyo denuncia.